Nipande?

Mimi si mtu wa kushukuru upesi. Ukinipa zawadi, nitaigeuza kwanza nione imetoboka wapi. Mama yetu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso mpaka mkunga akaniomba radhi. Kazini wananiita Pilipili, na sijawahi kuuliza sababu. Kwa hiyo anayenijua akisikia nimekaa kitako kumshukuru mtu, tena bosi, ajue jambo hilo lilinifika kwenye mfupa.

Kazi yangu ni ufundi wa lifti. Tuko mafundi wachache katika kampuni moja inayofunga na kukarabati lifti kwenye ofisi, hoteli na hospitali. Kazi yetu ikienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba tupo. Watu wanaingia, wanabonyeza kitufe, wanatengeneza kola kwenye kioo, wanatoka. Ikienda vibaya, kila mtu anataka kujua tulisomea wapi na nani alituzaa.

Msimamizi wetu wa zamani tulimwita Jemadari. Alikuwa na ndoo. Asubuhi tulikusanyika kwenye karakana, na kama lifti ya mteja ilikuwa imekwama jana yake, Jemadari aliifudikiza ile ndoo katikati ya sakafu na kuuliza nani aliigusa lifti hiyo mara ya mwisho. Aliyejitaja alipanda juu ya ndoo na kusimama hapo mpaka Jemadari amalize kuongea, na Jemadari hakuwa mtu wa kumaliza kuongea. Mwenyewe aliamini anatufunza uwajibikaji. Neno hilo alilipenda sana. Alilitamka polepole kama anayetafuna nyama ngumu.

Tulichojifunza kwake ni sentensi moja: "Mimi nimekuta hivyo." Waya umekatika? Nimekuta hivyo. Mlango unagoma kufunga? Nimekuta hivyo. Tungeweza kuiandika kwa rangi juu ya geti, ikawa ndilo jina la kampuni. Fundi akikosea alifunika, kisha akaomba Mungu lifti ikwame kwenye zamu ya mwenzake. Hatukuwa watu wabaya. Hatukutaka kupanda ndoo, basi.

Aliyejitaja bila kuvutwa alikuwa mmoja tu, naye ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Tunamwita Twiga kwa urefu wake. Mimi ndiye niliyempeleka kuomba kazi pale, kwa hiyo likimpata la kumpata, nyumbani naulizwa mimi. Siku hiyo Jemadari aliuliza nani alikaza vibaya reli ya mlango wa lifti ya hoteli, na Twiga, aliyelelewa na bibi yake kuamini kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu, akainua mkono. Alipopanda juu ya ndoo, kichwa kikagonga boriti. Watu wakacheka, hata wale aliozoea kuwabebea vifaa. Mimi nilimtukana Jemadari kimoyomoyo kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Jina la Twiga likapelekwa kwa Tajiri. Ndivyo tunavyomwita mwenye kampuni. Tajiri akatoa onyo kwamba likitokea kosa lingine, kijana arudi kwao. Tangu siku hiyo Twiga naye akaijua sentensi yetu. Mdogo wangu aliniambia kwamba hata nyumbani akivunja kikombe anasema amekikuta hivyo. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na utamu.

Jemadari aliondoka kama wanavyoondoka majemadari, huku analaumu jeshi. Wateja walikuwa wamechoshwa na lifti zinazokwama bila mkosaji, na wengine walishahamia kampuni nyingine. Tajiri akatuletea msimamizi mpya.

Alikuwa mzee mnene, mwenye magoti mabovu, na popote alipokwenda alibeba kiti kidogo cha kukunja. Asubuhi ya kwanza aliikuta ndoo imefudikizwa palepale katikati ya sakafu, akauliza ni ya nini. Kila mtu akajifanya anapanga vifaa vyake. Akaiinua, akaitazama ndani, akaenda kuijaza maji na sabuni, kisha akaanza kupiga deki mahali ambapo mafuta yalikuwa yamemwagika tangu enzi na enzi. Magoti yake yalilia kila alipoinama. Ikabidi tumnyang'anye tambara. Ndoo ikarudi kwenye kazi ya ndoo, na mpaka leo inafanya kazi hiyo.

Taratibu zake zilikuwa chache. Tukimaliza kutengeneza lifti, alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya mlango uliofunguka, akamtazama kila fundi aliyeshika kazi ile na kumuuliza swali moja: "Nipande?" Ukimjibu panda, alipanda. Alikwenda juu na kushuka akiwa peke yake, na unene wake wote, kabla mteja hajatia mguu. Ukimjibu subiri, alisema asante, akakunjua kiti chake na kukaa. Hakuuliza kwa nini. Kazi ikishakamilika, wakati watu wanakusanya vifaa, ndipo aliposogea na kukuuliza taratibu kilichotokea, na nini kingekusaidia kisitokee. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Nipande. Alijua, wala hakujali.

Mimi sikumwamini. Niliwaambia wenzangu huyu ni Jemadari aliyenenepa, tumpe muda tutaiona ndoo yake. Nao waliniamini mimi. Kwa muda mrefu tulimjibu panda, panda, hata pale moyo uliposita, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee akapanda tu. Mara moja lifti ilikwama naye katikati ya ghorofa. Tulipomtoa alijifuta jasho, akasema kwamba kule ndani kuna joto, na kwamba angependa siku nyingine aambiwe asubiri. Basi. Tukarudi nyumbani tukiwa tumenyong'onyea kuliko siku zote za ndoo.

Kilichonigeuza ni siku aliyofanya kazi kwa mkono wake. Fundi mmoja alikuwa mgonjwa, nasi tulikuwa tunakabidhi lifti ya jengo la ofisi. Mzee akavua koti na kufunga mwenyewe nyaya za vitufe vya ndani. Alipomaliza alifunga kifuniko, akapangusa mikono. Meneja wa jengo alikuwa amesimama pale na tai yake. Shetani akanipanda. Nikakichukua kile kiti cha kukunja, nikakikalia, nikakunja mikono.

"Mzee," nikamuuliza, "nipande?"

Wenzangu wakashusha macho kama watu waliosikia tusi msikitini. Mzee alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Akakitazama kile kifuniko. Alikitazama kwa muda hata meneja akakohoa.

"Subiri," akasema.

Akafungua kifuniko tena na kuvuta waya mmoja mmoja kwa kidole. Waya wa kengele ya dharura ukamfuata mkononi. Alikuwa ameuingiza mahali pake na kusahau kuukaza. Akamwita meneja, akamwonyesha, akamwambia hili nililisahau mimi, naukaza sasa. Meneja alionekana kutojua avae uso gani. Kisha Mzee akanigeukia.

"Asante, Pilipili. Mtu angekwama humu gizani, akabonyeza kengele, asisikike na yeyote."

Nilikuwa nimekuja kumchimba, naye ananishukuru kana kwamba nimemletea maji ya kunywa. Nikasimama nikamrudishia kiti chake.

Baada ya hapo wenzangu walianza kujaribu. Wa kwanza alisema subiri kwa sauti ya mtu anayekiri wizi wa kuku. Akapewa asante yake, kiti kikakunjuliwa, dunia haikuisha. Akafuata wa pili. Polepole neno likawa jepesi mdomoni, na tukaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe hata Mzee asipokuwepo. Lifti zikapunguza kukwama. Nami nikaanza kwenda kazini bila kuvuta miguu kila asubuhi, ingawa sikumwambia mtu, maana nina heshima yangu ya ukali ya kulinda.

Twiga ndiye aliyebaki nyuma. Yeye aliendelea kujibu panda huku akitazama viatu vyake. Mdogo wangu alinidokezea kwamba siku ya mapumziko mumewe huaga kwamba anakwenda kumsalimu rafiki, kumbe anarudi kwenye majengo ya watu kukagua kwa siri kazi aliyoikabidhi. Akikuta kasoro anairekebisha, kisha anatoka kama mwizi. Bibi yake angemwambia mficha uchi hazai. Mimi nilinyamaza. Nilijua kichwa chake bado kinauma kwa ile boriti.

Ndipo ikaja kazi ya hospitali. Ni jengo la ghorofa kadhaa, wodi ziko chini, chumba cha upasuaji kiko juu kabisa. Lifti yake ilikuwa imekufa, wagonjwa wakawa wanapandishwa ngazi kwa machela, wabebaji wanne na mgonjwa anayeomba dua. Mdogo wangu alikuwa akihudhuria kliniki hapohapo, tumbo limeshafika juu, na daktari alikuwa amemwambia huenda mtoto akatolewa kwa upasuaji. Kwa hiyo Twiga alijua fika kwamba huu si wakati wa kupoteza kazi. Nami nilijua, na mama yetu alinikumbusha kila aliponiona, kana kwamba mimi ndiye niliyempa mimba.

Tajiri alimwahidi Matroni, mkuu wa wauguzi wa pale, kwamba lifti itapanda mapema kuliko tulivyokuwa tumeomba. Mzee akakubali. Tukafanya kazi ya kukimbizana. Mimi nilishika milango. Twiga alikuwa juu ya paa, kwenye chumba cha mashine, anafunga breki mpya.

Breki ya lifti ina mikono miwili, na kila mkono una nati. Kwenye nati hupitishwa pini ndogo ya chuma, unaikunja miguu ili nati isije ikalegea kwa mtetemo wa kila siku. Twiga alitoa pini mbili kwenye pakiti, akaziweka mfuko wa kifuani. Aliifunga ya kwanza. Kabla hajaifunga ya pili, nikamwita kwa sauti yangu ile ashuke haraka anishikie mlango, maana ulikuwa mzito na urefu wake ndio uliohitajika. Akashuka, akashika. Tulipomaliza mlango, wote tukasahau ya juu.

Saa ya kukabidhi, ukumbi mdogo mbele ya lifti ulijaa. Tajiri alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Matroni alisimama mikono nyuma, mama wa makamo ambaye hata viatu vyake vilikuwa vinanyamaza anapotembea. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mwanamume mwenye plasta mguuni, amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amechaguliwa awe abiria wa kwanza, naye alikuwa amechana nywele kwa ajili ya heshima hiyo.

Mzee alinitazama. "Nipande?"

"Panda," nikasema.

Akamgeukia Twiga. Twiga alikuwa anatafuta leso ajifute jasho. Nikaona vidole vyake vinaingia mfuko wa kifuani na kuganda humo. Hakutoa kitu. Sikuhitaji kuambiwa, fundi anamjua fundi. Kulikuwa na kitu mle mfukoni ambacho hakikupaswa kuwepo.

Ninataka ieleweke alichokuwa anakipima pale. Lifti ile ingepanda. Ingepanda siku ile, ingepanda kesho yake, na pengine miezi kabla nati haijaanza kulegea. Angeweza kusema panda, watu wakapiga makofi, kisha siku ya mapumziko akaaga anakwenda kwa rafiki, akapenya mpaka juu na kuitia pini mahali pake. Ndivyo alivyozoea. Hakuna ambaye angejua. Upande wa pili alisimama Tajiri na onyo lake, na nyumbani kulikuwa na mke aliyebakiza siku za kuhesabika. Nilimwona akimtazama Tajiri, nikajua anaiona ndoo. Kisha akamtazama Mzee, aliyesimama mlangoni kwa magoti yake mabovu, mguu mmoja uko tayari kuingia.

"Subiri," Twiga akasema.

"Asante," akasema Mzee. Akaurudisha mguu, akakunjua kiti, akakaa.

Mwenye plasta akasonya. Tajiri alimwendea Mzee na kuinama kama anayenong'ona, ila kunong'ona hakukuwa miongoni mwa vipaji vyake. Akauliza ni nini tena hiki mbele ya mteja. Akauliza kama ni yule yule mrefu. Akasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwamba alishatoa onyo, basi kijana akabidhi vifaa vyake leo hii. Mimi nikajikuta nimeshafika katikati yao. Nikamwambia Tajiri kwamba aliyemwita Twiga ashuke kabla hajamaliza ni mimi, na kama anakusanya vifaa avichukue na vyangu, ingawa nyundo yangu ni nzito kidogo. Hakupenda jinsi nilivyolisema lile la nyundo.

Mzee aliinua mkono, nami nikanyamaza. Hakunyanyuka kitini, na nadhani hilo lilimfanya Tajiri azidi kuinama.

"Tajiri, lifti hii ingepanda leo bila shida," akamwambia. "Kijana angenyamaza, wewe ungempa mkono. Ukimfukuza aliyeniambia subiri, kuanzia kesho wote wataniambia panda. Nitapanda, na wagonjwa watanifuata."

Mzee akapangusa paji la uso.

"Na siku zilikuwa chache. Uliponiambia umeahidi mapema, mimi ndiye niliyepaswa kukwambia wewe subiri. Sikukwambia. Hilo ni langu, wala si lake."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mkubwa yeyote akisema hilo ni langu wakati kuna mdogo wa kubebeshwa aliyesimama karibu. Tajiri alijinyoosha, akatengeneza shati ambalo halikuhitaji kutengenezwa, akasema wataongea.

Nilidhani sasa Mzee atamwambia Twiga apande juu akamalize, aondoke machoni pa watu. Hakufanya hivyo. Alimwita, akamwambia amweleze Matroni yeye mwenyewe ni kitu gani na kitachukua muda gani. "Mimi nimekaa hapa," akaongeza. Nilimkasirikia. Nikajiona mjinga, kumbe huyu naye ana ndoo yake, tena ya mbele ya hospitali nzima.

Twiga akatoa pini mfukoni na kuiweka kiganjani. Mwanzoni aliongea ameinama. Akamwambia Matroni kwamba hii ilitakiwa iwe kwenye breki, kwamba aliiacha mfukoni alipoitwa kazi nyingine, kwamba bila hii lifti ingetembea lakini siku moja ingewaangusha. Akamwambia muda atakaochukua, akaomba radhi kwa mgonjwa. Kadiri alivyoeleza, ndivyo alivyozidi kunyooka, mpaka akafikia urefu wake kamili, ambao nilikuwa sijauona tangu siku ya boriti. Nikaelewa nilichokuwa sikielewi. Juu ya ndoo mtu alisimama peke yake ili achekwe. Hapa alikuwa anazungumza juu ya kazi yake kama mwenye nayo, na nyuma yake kulikuwa na mzee amekaa kwenye kiti, hana haraka ya kwenda popote.

Matroni aliichukua pini, akaipima uzito mkononi, akamrudishia.

"Sisi kabla ya kufunga tumbo la mtu tunahesabu mikasi," akasema. "Ukipungua mmoja, hata daktari awe nani, anasubiri. Nenda kaiweke, mwanangu."

Nilipanda ngazi pamoja naye. Aliifunga pini, akaikunja miguu, kisha akaniomba niikague. Nikaikagua. Akakaa sakafuni kati ya mashine na ukuta, akacheka kicheko cha kuishiwa pumzi, akaniambia shemeji, miguu yangu haina mifupa. Nikamwambia anyanyuke kabla mifupa haijarudi ikamkuta amelala. Tuliposhuka nikaikagua milango yangu upya, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa sawa. Nilichelewesha watu tena kidogo, na sikuona aibu.

"Nipande?" Mzee akauliza, akituangalia wote wawili.

Tukamjibu kwa pamoja. Akapanda, akashuka. Mwenye plasta akafuata, na mlango ulipokuwa unafungwa alitupungia mkono kama mgeni wa heshima anayeondoka uwanja wa ndege.

Tajiri hakuomba radhi kwa mtu, lakini asubuhi iliyofuata alikuja karakana, akasimama karibu na ile ndoo, akatangaza kwamba tangu sasa atatuuliza sisi kwanza kabla ya kumwahidi mteja siku. Kuhusu onyo la Twiga hakusema neno, na halijasemwa tena mpaka leo. Kwa Tajiri, huo ni ukarimu wa mwaka mzima.

Muda si mrefu uchungu ulimshika mdogo wangu. Ilikuwa mchana. Daktari alimpima, akasema asicheleweshwe, apelekwe juu. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, jasho linamtiririka, ananibana mkono mpaka nikakumbuka kila pete niliyovaa. Twiga alikuwa nyuma anasukuma, na muuguzi alitangulia kubonyeza kitufe. Mlango ukafunguka. Ulikuwa mlango wangu, ulifunguka kimya kama nilivyouacha.

Mdogo wangu akashusha mguu chini, akazuia gurudumu. Akageuza shingo na kumtazama mumewe. Hadithi ya pini alikuwa anaijua yote, nilimsimulia mimi, kwa kuongeza chumvi hapa na pale.

"Nipande?" akamuuliza.

Muuguzi alidhani ni mzaha wa kupoza maumivu, akatabasamu. Mimi nilimwona macho. Hakuwa anatania. Yupo mwanamke anayeweza kumuuliza mumewe hivyo na mwingine asiweze, na mdogo wangu huko nyuma asingeweza, maana angejibiwa na mtu anayetazama viatu vyake.

Twiga hakujibu haraka. Alitazama juu, akasikiliza mashine, mkono umegusa mfuko wa kifuani, ambao ulikuwa mtupu. Kisha akamtazama mkewe machoni.

"Panda," akasema.

"Asante," mdogo wangu akasema, akauinua mguu.

Ndugu wa kumsindikiza alitakiwa mmoja tu, kwa hiyo nilibaki chini. Mlango ukafungwa. Nilisimama nikitazama namba zinavyowaka juu ya mlango, ghorofa kwa ghorofa, bila kusita, mpaka ya mwisho. Walipofika nilikaa kwenye ngazi, zilezile za machela, nikalia kama mtoto. Mgonjwa mmoja alinipa pole, akidhani nimefiwa.

Mtoto ni wa kike. Amekunja uso kama mimi, na mama yetu anasema sasa nami nitajua ladha ya kukunjiwa uso.

Kesho yake nilikwenda karakana mapema kumtafuta Mzee. Njiani nilikuwa nimepanga maneno marefu. Nilitaka kumwambia habari za mtoto, za mdogo wangu kuzuia gurudumu, za shemeji yangu aliyeurudia urefu wake, na kwamba nilimwita Jemadari aliyenenepa na kwamba nilikosea. Nilimkuta anafungua madirisha. Akauliza mama hajambo, mtoto hajambo. Nikasema hawajambo. Nikatafuta yale maneno yangu marefu, lakini lililotoka ni moja tu.

"Asante, Mzee."

Sauti ilinikatikia njiani. Akanitazama kidogo, kisha akakichukua kile kiti chake cha kukunja, akakikunjua na kuniwekea mimi. Nikakaa. Yeye akaendelea na madirisha yake mpaka machozi yakaniisha, na hakuniuliza kwa nini.